NGURUWE ANAPOKATAA PUMBA

Ndugu msomaji, tuseme wewe ni mfanyakazi unayekaa pembezoni mwa mji. Nyuma ya nyumba yako umejenga banda, na ndani yake wamo nguruwe majike wawili na watoto wao kumi na wanne. Nguruwe hao ndio karo ya shule mwezi Januari, na ndio mabati ya chumba ulichoanza kukijenga mwaka juzi. Jumamosi jioni mama watoto anatoka bandani na ndoo ingali imejaa. "Baba watoto," anasema, "yule mkubwa amekataa pumba. Amelala tu, na masikio yake yamekuwa mekundu."

Kabla hujaamua la kufanya, mchuuzi wa nyama amekwisha kupata habari. Amesimama uani na baiskeli yake, naye yu tayari kulipa nusu ya bei, taslimu. Je, utamjibu nini?

Usiharakishe. Kwanza tuyatazame maradhi yenyewe na njia zake, kisha tutarudi uani kwa mchuuzi huyo.

Maradhi yasiyo na tiba

Dalili hizo zaweza kuwa za maradhi mengi, lakini yanayotisha kupita yote ni homa ya nguruwe ya Afrika. Huletwa na virusi. Nguruwe aliyeambukizwa hushikwa na homa kali, huacha kula, ngozi ya masikio na ya tumbo hugeuka nyekundu au zambarau, na majike wenye mimba huziharibu. Wengi hufa katika muda wa siku chache, na huenda banda zima likabaki tupu. Tiba hakuna. Chanjo zilizoruhusiwa nchini Vietnam mwaka 2023 bado hazijawa kinga ya kutegemewa na mfugaji wa kwetu.

Binadamu haambukizwi maradhi haya. Hilo ni jambo la kushukuru, lakini ndilo pia linalotuponza. Mtu hujiambia kwamba maadamu nyama haimdhuru mlaji, hakuna kosa kuiuza. Husahau nguruwe wa jirani.

Ngiri, papasi na nyufa

Habari za maradhi haya ziliandikwa kwanza kutoka Kenya. Mwaka 1921 mganga wa mifugo R. Eustace Montgomery alitangaza uchunguzi wake juu ya nguruwe wa walowezi, waliokuwa wakifa karibu wote. Nguruwe hao walikuwa wa asili ya Ulaya, na walipoachwa kuzurura walikutana na nguruwe wa porini. Tangu wakati huo ikafahamika kwamba banda na uzio ni kinga.

Ngiri hubeba virusi hivyo bila ya kuugua. Akiwa bado mtoto, ndani ya shimo lao, huumwa na papasi, na hapo ndipo anapoambukizwa. Papasi hawa ni wa ukoo ule ule wa wale wanaojificha katika nyumba za udongo na kuwaletea watu homa ya papasi. Huko Malawi wamekutwa hata ndani ya mabanda ya nguruwe. Mchana hujificha katika nyufa, usiku hutoka kunyonya damu, na wanaweza kukaa na virusi kwa miaka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mfugaji wa nguruwe, maneno hayo si fumbo.

Lakini utasema, mjini hakuna ngiri. Ni kweli. Mjini virusi hupita njia nyingine, na njia hizo tumezitengeneza sisi wenyewe.

Ndoo ya makombo

Pumba ni ghali, na mfugaji wa mjini hukusanya makombo ya hotelini na ya mama ntilie. Si vibaya kutumia kilichobaki. Hatari ni pale makombo hayo yanapokuwa na vipande vya nyama ya nguruwe. Virusi hivi hudumu kwa miezi katika nyama iliyotiwa chumvi au kukaushwa, na kwa muda mrefu zaidi katika nyama iliyogandishwa kwa barafu.

Mwaka 1957 maradhi haya yalivuka kutoka Afrika na kuzuka karibu na Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Nguruwe wa huko walikuwa wamelishwa mabaki ya chakula cha ndege. Mwaka 1960 yalizuka tena, yakaingia Hispania, na nchi hizo mbili zilihangaika nayo hadi miaka ya 1990. Mwaka 2007 yaliingia Georgia, na bandari ya Poti ndiyo iliyoshukiwa kuwa mlango wake, kwa taka za meli zilizowafikia nguruwe waliokuwa wakizurura. Kutoka huko yakaenea Urusi na Ulaya ya Mashariki, na mwezi Agosti 2018 yakatangazwa China, nchi yenye nguruwe wengi kuliko zote duniani.

Basi, kama huna budi kutumia makombo, yachemshe kwa nusu saa nzima huku ukikoroga, kisha yaache yapoe. Kupasha moto tu hakutoshi.

Barabara na mgeni

Mwishoni mwa 2010 homa hii ilizuka Kyela, karibu na mpaka wa Malawi. Kabla ya 2012 kumalizika, ilikuwa imeonekana hadi Dar es Salaam. Ngiri hakusafiri mwendo huo. Maradhi yaliifuata barabara kuu, pamoja na nguruwe na nyama zilizopakiwa na watu.

Katika mtaa mambo ni hayo hayo kwa udogo wake. Dume moja la kupandishia huzungushwa katika mabanda kumi. Mchuuzi huingia banda hili na lile kupima nguruwe kwa macho, na viatu vyake vina kinyesi cha alikotoka. Nguruwe aliyenunuliwa mnadani huchanganywa na wenzake siku ile ile. Mfugaji mwangalifu humtenga mgeni kwa siku thelathini, hawaruhusu wachuuzi kuingia bandani, na huweka mlangoni viatu maalum na beseni la dawa ya kuua vijidudu.

Turudi uani

Mchuuzi angali anangoja. Ukikubali, nguruwe atachinjwa jioni hii. Damu, ambayo ndiyo yenye virusi vingi kabisa, itamwagika mferejini. Utumbo utatupwa jalalani na mbwa watauburura. Mifupa itarudi katika ndoo ya makombo ya mfugaji mwingine. Utakuwa umeokoa nusu ya bei ya nguruwe mmoja, na huenda wiki zijazo mtaa mzima ukalia.

Ni rahisi kwa mwandishi kusema "usiuze". Karo ni yako, na mara nyingi mfugaji mdogo huibeba hasara hii peke yake. Lakini fikiri: nguruwe wako naye aliambukizwa kutoka mahali. Yaelekea yuko mwenzako aliyesimama uani kwake jioni kama hii, mbele ya mchuuzi kama huyu, akapokea fedha.

Mwambie, "Ndugu yangu, leo hapauzwi kitu hapa." Funga banda, mtu asiingie wala nguruwe asitoke. Mwite bwana mifugo achukue damu ipimwe. Anayekufa mfukie ndani ya shimo refu, mbali na mbwa. Ondoa kinyesi, safisha kwa dawa, ziba kila ufa, wala usinunue nguruwe wengine mpaka bwana mifugo akuruhusu.

Kisha nenda kwa jirani mwenye banda, ubaki nje ya uzio wake, umweleze ukweli. Ni habari nzito kuipeleka, lakini huenda ndiyo itakayomwachia karo ya watoto wake.