Sauti ya Mtu Asiye na Makao: Tafakari Juu ya Muziki na Kusikiwa

Katika mapokeo yetu ya Kilutheri sikio lina heshima ya pekee. Mtume Paulo huifungamanisha imani na kusikia (Rum. 10:17), naye Luther alilieleza Kanisa kuwa nyumba ya kinywa kuliko ya kalamu. Hata hivyo, tuzungumzapo juu ya kusikia, mara nyingi tunawafikiria washarika wanaomsikiliza mhubiri. Je, ni nani amsikilizaye yule asiye na mimbari? Kazi moja ya muziki wa kisasa wa Uingereza yatusaidia kulitafakari swali hili.

1. Asili ya kazi hii

Mwaka 1971 Alan Power alikuwa akitengeneza filamu juu ya watu waliolala nje katika mitaa ya London, karibu na Elephant and Castle na stesheni ya Waterloo. Baadhi yao walipolewa waliimba nyimbo za kila namna. Mzee mmoja, asiyekunywa pombe, aliimba kipande kifupi cha wimbo wa dini. Kipande hicho hakikutumika katika filamu, na kanda yake akapewa mtunzi Gavin Bryars.

Bryars aligundua kwamba sauti ya mzee ilipatana na piano yake. Akaziunganisha zile sekunde zipatazo 26 ili zijirudie bila kukoma. Alipokuwa akinakili kanda hiyo chuoni Leicester, aliacha mlango wa chumba cha wachoraji wazi, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi aliwakuta watu wametulia, na wachache wakilia kimya.

Kazi hiyo, iitwayo Jesus' Blood Never Failed Me Yet, iliimbwa mara ya kwanza Desemba 1972 katika Queen Elizabeth Hall, ukumbi ulio mwendo mfupi tu kutoka Waterloo. Mzee mwenyewe alifariki bila kuisikia.

2. Jinsi muziki unavyosikiliza

Kwanza husikika sauti ya mzee peke yake. Kisha vinanda vya nyuzi huingia polepole, na vyombo vingine hufuata. Hakuna chombo kimsahihishacho wala kimharakishacho. Vyote hufuata mwendo wake na pumzi zake. Katika rekodi ya mwaka 1993 jambo hili huendelea kwa dakika 74.

Yawezekana mtu akauliza kama huku si kupayuka-payuka kulikokatazwa na Bwana (Mt. 6:7). Twajibu kwamba Bwana alikemea wale wadhanio kuwa wingi wa maneno humlazimisha Mungu. Hapa anayefundishwa kwa marudio ni msikilizaji: mara ya kwanza husikia ombaomba, na baada ya mara nyingi husikia muungamo wa imani.

3. Je, alisikiwa?

Hapa yatupasa kuwa waangalifu. Sauti ya mzee iliingia ukumbini, bali yeye alibaki nje, na jina lake halikuhifadhiwa. Kuguswa na sauti ya maskini si sawa na kumsikia maskini. Huko Yeriko, Bartimayo alipopaza sauti, wengi walimkemea anyamaze, lakini Yesu alisimama, akaagiza aitwe, akamwuliza haja yake (Mk. 10:46-52). Kusikia kwa kweli kuna hatua hizo tatu. Mwaka 2019 kazi hii ilipopigwa usiku kucha katika Tate Modern, London, watu waliowahi kukosa makao walikuwa miongoni mwa waimbaji. Hiyo ilikuwa hatua kuelekea Yeriko.

4. Hitimisho

Sharika zetu zina kwaya nyingi zenye sauti nzuri, na twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini mlangoni pa kanisa pia huketi watu wenye ushuhuda. Kabla ya kuwapa sadaka na kupita, sisi watumishi wa Neno tusimame, tuwaulize majina yao, tuwaache waseme hadi mwisho. Mchungaji asiyejua kusikiliza mlangoni atahubiri nini madhabahuni?