Mbunge Anapouliza Njia ya Franga



Siku moja, katika somo la Civisme, rafiki mmoja aliuliza: «Depite wetu anaenda Kinshasa kufanya nini? Barabara ya Uvira mpaka Baraka iko paka ile ile, na waalimu wanalia mishahara.» Darasa lote lilicheka, lakini ulizo lile ni la maana. Tujaribu kulijibu.

Kwanza, bajeti ni nini? Bajeti ni sheria. Inaandika franga ngapi Leta inatumaini kupata katika mwaka, na zile franga zitaenda wapi. Kufuatana na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, serikali inapaswa kuleta mpango wa bajeti kwenye Bunge la Taifa kila mwaka, bila kupita tarehe 15 Septemba. Kikao kile kinafungwa tarehe 15 Desemba. Basi ile miezi mitatu njo wakati wa kuuliza. Mbunge akinyamaza wakati ule na kupiga kelele Januari, ni sawa na mvuvi anayewasha taa ya ndakala wakati mwezi umekwisha kutoka.

Pili, mbunge anaweza nini? Yeye hajengi daraja. Hana sanduku ya franga wala mashini ya kulima barabara. Kazi yake ni kupiga kura ya sheria na kuchunguza serikali. Katiba inamupa njia tano: ulizo la kusema ao la kuandika, ulizo juu ya jambo la siku zile, kumwita waziri ajieleze mbele ya wote, tume ya uchunguzi, na kusikiliza wakubwa ndani ya komisyo. Waziri akishindwa kujieleza, wabunge wanaweza kuomba atoke. Bunge lina wabunge 500. Kwa kuanza, inatakiwa sehemu moja kwa kumi watie saini, maana yake watu 50. Kisha kura inaamua.

Lakini kuna mpaka. Mbunge hawezi kusema tu: «Ongezeni mishahara, ongezeni barabara.» Akitaka kuongeza matumizi, lazima aonyeshe franga zitatoka wapi ao ni nini kitapunguzwa. Ni kama nyumbani: mama akiwa na bukari na ndakala ya watu watano, mtoto akisema «tuongeze nyama», mama atamuuliza: «Tuache kununua nini?» Njo maana ulizo la nguvu halisemi paka «tunataka». Linasema: «Toeni hapa, wekeni pale.»

Tutazame ngambo ya ziwa letu. Kule Kigoma, Zitto Kabwe alikuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini tangu 2005. Mwaka 2011 aliandika barua kwamba hataki tena posho ya kikao. Ile posho ilikuwa shilingi 70,000 kwa siku, juu ya mshahara. Wazo lake lilikuwa jepesi: kukaa kikaoni njo kazi ya mbunge, na kazi ile imekwisha kulipwa kwa mshahara. Wakubwa wengi hawakukubali. Mwisho wa mwaka ule ule ikajulikana kwamba posho imepanda mpaka 200,000. Spika Anne Makinda alieleza kwamba maisha ya Dodoma yamekuwa ghali. Januari 2012 waganga wa Tanzania waliingia mgomo wakidai mishahara na hali bora ya kazi. Watu wengi walipima mambo haya mawili kwenye mizani moja.

Aprili 2012, kisha ripoti ya mkaguzi wa hesabu za serikali, Zitto alikusanya saini za wabunge zaidi ya 70 wa vyama mbalimbali ili Waziri Mkuu apigiwe kura ya kutokuwa na imani. Kura ile haikufika. Lakini Mei 2012 Rais Kikwete alibadili mawaziri, na sita wakatoka. Kati yao waziri wa Fedha, wa Uchukuzi na wa Afya. Mmeona? Barua ya mtu mmoja haikuondoa posho. Saini za wengi, pamoja na hesabu zilizoandikwa, zilitikisa serikali.

Hata kwetu kuuliza kulikuwa na bei yake. Tarehe 1 Novemba 1980, wakati wa Zaire, wabunge 13, Étienne Tshisekedi akiwa mmoja wao, walimwandikia Rais Mobutu barua ya kurasa 52 juu ya namna inchi inavyoongozwa. Walikamatwa, wakanyanganywa viti vyao. Leo Katiba inamlinda mbunge juu ya maneno na kura yake kazini. Basi akinyamaza, tumuulize sababu.

Mwisho, mishahara na barabara ni ndugu. Mafundisho ya msingi ni bure tangu 2019, lakini mwalimu asiyeandikwa kwenye orodha ya Leta, yule tunayemwita NU ao NP, anafundisha bila kulipwa. Mwaka 2024 masomo yalianza kwa mgomo. Na yule anayelipwa, akiwa mbali ndani ya Lulenge, akimaliza siku nzima njiani na kutumia franga kwa kutafuta mshahara wake, amebaki na nini? Mvua ikikata njia, unga unapanda bei sokoni Baraka, na mshahara ule ule unakuwa mdogo bila mtu kuupunguza.

Basi rafiki, depite akija kutusalimia, tusimwombe chumvi na kofia. Tumuulize: «Septemba uliuliza nini? Waziri alijibu nini? Ulipendekeza kutoa wapi na kuweka wapi?» Tuandike jibu lake kwenye kaye, na mwaka kesho tulisome mbele yake.