TUUJUE UKOO WETU

Baba yako unamjua jina. Babu yako pia. Je, baba wa babu yako aliitwa nani? Alizikwa wapi? Wengi wetu hapa Handeni na Korogwe tukifika hapo hunyamaza.

Kujua ukoo kuna faida. Shamba likigombaniwa, anayejua nani alilifyeka kwanza ana la kusema barazani. Vijana nao hawaoani ndugu kwa ndugu bila kujua.

Mfano wa Wazigua wa Somalia

Katika karne ya 19 njaa kali iliingia Uzigua. Watu wengi walichukuliwa utumwani wakapelekwa Somalia. Baadhi walitoroka, wakaishi kando ya mto Juba. Walilima, wakazaa watoto na wajukuu. Lakini hawakuacha Kizigua, wala hawakusahau walikotoka.

Mwaka 1991 vita vilizuka Somalia. Baadhi ya wajukuu hao walikimbia kwa bahari mpaka Tanzania, wakapokewa Handeni. Wenyeji waliwasikia wakisema Kizigua. Baadaye walipewa makazi Chogo, na wengi wakapata uraia wa Tanzania. Babu zao hawakuwaachia karatasi. Waliwaachia lugha na habari za ukoo.

Mahali pa kutafuta

Kwanza, wazee. Waulize leo. Mzee akifa, habari zake huzikwa naye. Usisahau bibi na shangazi, kwa maana wao hukumbuka nani alizaliwa na nani.

Pili, makaburi. Kati ya mwaka 1973 na 1976 watu wengi walihamia vijijini. Makaburi ya wazee yalibaki kwenye mahame. Mengi hayana maandishi. Nenda na mzee anayeyajua, naye akuonyeshe moja moja. Andika jina la aliyelala pale, na alama iliyo karibu, kama mti au jiwe.

Tatu, madaftari na vyeti. Makanisa huandika waliobatizwa na waliofunga ndoa. Misheni ya zamani kama Magila, Muheza, ilianza kabla ya Wajerumani kutawala. Waislamu watazame vyeti vya ndoa.

Nne, karatasi za mkonge. Watu wengi wa Korogwe ni wajukuu wa manamba waliotoka mbali, kama Songea na Kigoma. Waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Kila mmoja alikuwa na kipande cha kuhesabia siku 30 za kazi. Ukikuta kipande cha babu sandukuni, usikitupe.

Je, sensa itatusaidia? Watu walihesabiwa mwaka 1948, 1957, 1967 na miaka mingine, mpaka 2022. Lakini taarifa za sensa hutoa hesabu ya watu wa wilaya. Hazitoi majina yao. Jina la babu yako hutalipata humo.

Kupata mwaka

Wazee wengi hawakuandikiwa tarehe ya kuzaliwa. Hukumbuka mambo makubwa. Nawe tafuta mwaka wa jambo hilo:

Reli ilifika Korogwe: 1902.
Waingereza waliingia Handeni na Korogwe vitani: 1916.
Uhuru wa Tanganyika: 1961.

Tuseme babu alizaliwa Waingereza walipoingia, akafa mwaka wa Uhuru. Toa 1916 katika 1961. Jibu ni 45. Basi babu alikufa akiwa na miaka 45 hivi.

Kazi ya kufanya

Chukua daftari. Andika jina lako chini. Juu yake andika baba na mama. Juu yao andika babu na bibi wa pande zote mbili. Pasipo na jina, acha nafasi, kisha ukamuulize mzee. Ukiambiwa habari mbili zisizolingana, andika zote, na jina la aliyekuambia kila moja.

Zamani tuliwategemea wengine kutuandikia. Sasa kalamu tunayo wenyewe. Wajukuu wetu wasije wakanyamaza kama sisi.

Maswali

1. Wazigua wa Somalia walitunza nini?
2. Kwa nini sensa haitoi jina la babu yako?
3. Ni mzee gani utakayemuuliza wiki hii?