Shule Ilijua Lini?

Lushoto ndiko wanakonolewa watumishi wa mahakama wa Tanzania. Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1998, kiko pale mjini, na makarani na mahakimu kutoka pembe zote za nchi hupanda kona za Mombo kwenda kusoma huko. Hata hivyo, kwa mzazi wa vijiji vya huko kama Lukozi au Mtae ambaye mwanawe anapigwa na kunyang'anywa vitu kila usiku bwenini, sheria huja akilini mwisho kabisa. Kwanza atamtuma shemeji akaongee na mwalimu wanayefahamiana. Ataambiwa ni utoto tu, wataacha. Mambo yakizidi atauza magunia ya viazi amhamishe mtoto, nauli na sare mpya juu yake. Aliyeumizwa ndiye anayefungasha godoro, na waliomuumiza wanaendelea na masomo.

Ukweli ni kwamba familia ina njia kadhaa za kisheria kabla ya kufika huko. Nyingi hazihitaji wakili, na baadhi hazigharimu zaidi ya karatasi na kalamu. Zinahitaji jambo moja ambalo Wasambaa, kama Watanzania wengi, hatulipendi: kuandika.

Anayetafuta katika vitabu vya sheria za nchi hii kosa liitwalo uonevu wa shuleni hataliona. Yaliyomo ndani ya uonevu huo ndiyo yanayoonekana, kila moja kwa jina lake. Kumpiga mtu ni shambulio chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na akiachwa na majeraha kosa linakuwa zito zaidi. Kumchukulia sabuni, sukari na pesa ya matumizi ni wizi, na kwa nguvu ni unyang'anyi. Vitisho ni kosa. Kumshika maungo au kumvua nguo kunaingia kwenye makosa ya kujamiiana, ambayo hayana cha "tuyamalize wenyewe". Juu ya hayo iko Sheria ya Mtoto ya 2009, inayokataza mtoto kuteswa au kutendewa mambo ya kikatili na ya kudhalilisha, bila kujali anayetenda ni mwalimu, ndugu au mwanafunzi mwenzake.

Tatizo ni kwamba watendaji nao ni watoto. Sheria haimhesabii kosa la jinai mtoto aliye chini ya miaka 10. Aliye chini ya miaka 12 naye hahesabiwi, isipokuwa ithibitike kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa anachofanya si sahihi. Kuanzia hapo hadi 18, shauri linakwenda Mahakama ya Watoto, ambako hakuna kifungo cha jela. Mzazi anayetaka "wafungwe" atavunjika moyo huko. Anayetaka mwanawe alale salama afadhali aelekeze macho kwa watu wazima waliokabidhiwa watoto hao.

Tuanze na kiranja. Katika shule nyingi za bweni nchini kiranja hushika fimbo, na njuka wa kidato cha kwanza huamini kwamba fimbo hiyo ni halali. Si halali. Kanuni za adhabu ya viboko, Tangazo la Serikali namba 294 la 2002, zinampa mkuu wa shule mamlaka ya kuchapa au kumkasimu mwalimu kwa maandishi. Viboko havizidi vinne, na kila adhabu inaandikwa kitabuni. Mwanafunzi hatajwi popote kama mchapaji. Kwa hiyo kiranja anayewachapa wadogo zake usiku anafanya shambulio, na shule iliyomwachia fimbo imemruhusu kuvunja kanuni za Serikali. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya viboko vyenyewe (mwandishi wa makala haya angependa viondoke kabisa), lakini hata kwa kanuni hizi kongwe kiranja hana pa kujificha.

Na shule yenyewe? Hapa inabidi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1893, Wajerumani wakiwa ndio kwanza wanaanza kuitawala Usambara, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua shauri la Williams dhidi ya Eady. Mwalimu mwenye shule aliacha chupa yenye fosforasi mahali ambapo wavulana waliweza kuifikia. Mmoja wao akaichezea, ikalipuka, ikamuunguza mwingine. Madhara yalitokana na mkono wa mwanafunzi, lakini mwalimu ndiye aliyelipa. Mahakama ilisema mwalimu anawajibika kuwaangalia wanafunzi kama baba mwangalifu anavyowaangalia wanawe. Sheria ya Tanzania inaagiza mahakama zetu zitumie, pale ambapo hakuna sheria ya hapa, misingi ya sheria ya Uingereza iliyokuwapo tarehe 22 Julai 1920, na msingi huo wa baba mwangalifu ulikuwa umeshazoeleka kwa zaidi ya miaka 25. Huo ndio mlango wa madai ya uzembe dhidi ya shule.

Lakini baba mwangalifu halaumiwi kwa asichokijua wala asichoweza kukijua. Ndiyo maana mashauri ya aina hii, kila nchi, huzunguka swali moja: shule ilijua lini, na baada ya kujua ilifanya nini?

Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika shauri la Davis dhidi ya bodi ya elimu ya wilaya ya Monroe, jimbo la Georgia. Msichana wa darasa la tano alikuwa akisumbuliwa kijinsia na mvulana wa darasa lake. Yeye na mama yake walilalamika kwa walimu tena na tena, na ilipita zaidi ya miezi mitatu kabla hata ya kuruhusiwa kubadilishiwa kiti. Kwa kura 5 dhidi ya 4, majaji waliamua kwamba shule inaweza kudaiwa inapojua na kupuuza kwa makusudi. Karibu na kwetu, mwanzoni mwa 2017, malalamiko kuhusu viranja waliokuwa wakiwatesa wanafunzi wapya katika shule ya Alliance, Kikuyu nchini Kenya, yaliifikia wizara, wakaguzi wakaingia shuleni, na mkuu wa shule akastaafu kabla ya wakati wake. Ilikuwa miongoni mwa shule zenye jina kubwa kuliko zote Afrika Mashariki, na jina halikusaidia.

Tanzania nayo ina mfano wake, ingawa waliompiga mtoto hawakuwa wanafunzi wenzake. Septemba 2016 mwanafunzi wa kidato cha tatu wa Mbeya Day alishambuliwa ofisini na walimu waliokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Video iliposambaa mwezi uliofuata, walimu hao wanafunzi walifukuzwa vyuoni, na mkuu wa shule akavuliwa wadhifa wake kwa kutolitolea taarifa tukio hilo. Hakuwa amempiga mtu. Aliangushwa na ukimya.

Kwa familia ya Lushoto, basi, hatua ya kwanza ya kisheria ni barua. Chukua mfano wa kubuni: mama mkulima wa kabichi, mtoto wake wa kidato cha kwanza amerudi likizo na alama za mkanda mgongoni. Alishampigia simu patroni mara mbili. Mahakamani simu hizo ni neno lake dhidi ya neno la patroni. Akiandika kwa Kiswahili cha kawaida kwamba mtoto fulani, kidato fulani, tarehe fulani alipigwa na fulani katika bweni fulani, fulani na fulani waliona, patroni aliarifiwa siku fulani, na mzazi anaomba shule ieleze ndani ya siku saba itamlindaje, hali imegeuka. Barua iwe nakala mbili. Moja inabaki shuleni, ya pili inagongwa mhuri wa kupokelewa, inawekwa tarehe na saini, na mama anarudi nayo nyumbani aitunze kama hati ya shamba. Nakala nyingine ziende kwa mwenyekiti wa bodi ya shule (kwa shule ya msingi ni kamati ya shule) na kwa Afisa Elimu Kata. Ofisi ikikataa kugonga mhuri, barua hiyohiyo itumwe Posta kwa rejesta, na risiti ya Posta itafanya kazi ya mhuri.

Picha za majeraha zipigwe siku hiyohiyo, na jumbe za WhatsApp za vitisho zisifutwe, kwa kuwa tangu sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2015 mahakama hupokea ushahidi wa namna hiyo. Kukiwa na jeraha, mzazi apite polisi kuchukua fomu ya PF3 kabla ya hospitali, au mgonjwa akiwa na hali mbaya atibiwe kwanza na fomu ifuate. Huko polisi mzazi aulizie Dawati la Jinsia na Watoto, na asiondoke bila namba ya RB.

Barua isipojibiwa, ngazi ni Afisa Elimu wa wilaya, Mthibiti Ubora wa Shule, na kwa mwalimu wa shule ya Serikali anayefumbia macho, Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoanzishwa kwa sheria ya 2015. Mwenye nguvu zaidi katika mazingira ya vijijini, na anayesahaulika zaidi, ni Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii yeyote anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa, na inampa afisa huyo uwezo wa kumwita anayelalamikiwa. Akikaidiwa, suala linaweza kufika Mahakama ya Watoto. Jirani, shangazi au mwalimu mwenye uchungu anaweza kuanzisha mchakato huu hata kama wazazi wanaogopa.

Kesi ya fidia ni jambo jingine. Shule ikiwa ya binafsi au ya dhehebu, mzazi anamshtaki mmiliki kwa niaba ya mtoto katika mahakama za kawaida, na Mahakama ya Wilaya iko Lushoto mjini. Shule ikiwa ya Serikali, safari inarefuka. Inatakiwa notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu, ambayo kwa watu wa Usambara ni Tanga. Kumsahau Mwanasheria Mkuu kunatosha kuivuruga kesi yote. Madai ya uzembe kwa kawaida yana ukomo wa miaka mitatu.

Utaratibu huu haumtendei haki mkulima. Mzazi wa mtoto aliyepigwa shule ya kata hapaswi kushuka hadi Tanga kudai gharama za matibabu, wakati mzazi wa shule ya binafsi iliyo bonde la pili anamalizia mambo yake Lushoto. Bunge lingetaka lingeurekebisha kwa kifungu kimoja. Mpaka hapo, wengi hupata nafuu upande wa jinai: mahakama ikimtia hatiani mshtakiwa, inaweza kuagiza amlipe fidia aliyeumizwa, bila kesi ya pili.

Kuna suala la milimani hasa: njia. Wanafunzi wa kutwa hutembea vichochoro virefu vya mashamba na misitu, na uonevu mwingi hutokea huko, mbali na kengele ya shule. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, katika shauri la Bradford-Smart, ililipima jambo hili kwa msichana aliyesumbuliwa kwenye basi na mtaani kwao. Ilisema wajibu wa shule kwa kawaida unaishia shuleni, lakini mwalimu anayejua mtoto anaonewa nje anatakiwa kuzuia uonevu huo usiingie ndani. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, ila unaweza kuzishawishi. Kwa mzazi maana yake ni kwamba hata ya njiani yaandikwe na shule ijulishwe.

Asiye na pesa ya wakili si lazima akae kimya. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, na ofisi ya halmashauri ndiyo ya kuuliza walipo. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko bure, ilimradi jambo haliko mahakamani. Namba 116 ya simu ya mtoto haitozwi, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kisheria, kwa hiyo kisingizio cha Kiingereza nacho kimepungua nguvu.

Utafiti wa taifa uliofanywa 2009 na kuchapishwa 2011 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wasichana kwa wavulana, walipigwa au kuumizwa kabla ya kufikisha miaka 18 na ndugu, mpenzi au mtu mwenye mamlaka kama mwalimu. Kwa hiyo katika kikao kijacho cha wazazi, kabla ya kufika kwenye michango ya chakula, mmoja asimame amuulize mkuu wa shule: kitabu cha kuandikia malalamiko ya wanafunzi kiko wapi, nani anakisoma, na mara ya mwisho kilisomwa lini? Jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na mzazi aombe nakala.