Ufito Usiobishana na Mkono

Wahenga walinena kwamba maji hufuata mkondo. Anayetaka kuyapandisha mlima hana budi kujiandaa kutoa jasho. Usemi huu unalifaa sana jambo ambalo yamkini wengi wetu hatujapata kulitafakari, nalo ni mahali zinapofungwa pete za ufito wa kuvulia samaki. Kwa miaka mingi watu wanaovua kwa burudani wametoa jasho lisilo la lazima wakishindana, si na samaki, bali na ufito walioushika mikononi mwao wenyewe.

Hapa kwetu pwani mvuvi aliye wengi hana haja ya ufito. Ana mshipi, ndoana, chubwi na chambo, na kidole chake ndicho kinachompasha habari za chini ya maji. Ufito wenye kigurudumu cha kukunjia mshipi ulienea zaidi kwa wageni waliokuja kuvua kwa burudani. Huko Malindi, kwa mfano, mwandishi wa Kimarekani Ernest Hemingway alivua katika bahari kuu mwaka 1934. Lakini huko Marekani kwenyewe kumestawi ufundi mwingine wa kupendeza: watu kununua ufito mtupu, usio na pete wala mpini, na kuuunda wenyewe nyumbani kwa kadiri ya mkono na mahitaji yao. Fito za nyuzi za kioo zilizoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, na zile za kaboni zilizofuata katika miaka ya 1970, ziliurahisisha sana ufundi huo. Ni miongoni mwa mafundi hao wa nyumbani ndiko mtindo wa kuzungusha pete kama ngazi ya mviringo ulikopata wapenzi wengi.

KIINI CHA TATIZO

Ndugu msomaji, vigurudumu vya mshipi ni vya namna mbili kuu. Kuna kile kinachoning'inia chini ya ufito, na pete zake zote huwa chini. Hicho hakina ugomvi na mtu. Kisha kuna kile kinachokaa juu ya ufito, chenye ngoma inayozunguka, ambacho hupendwa na wavuao samaki wakubwa kwa sababu ya nguvu zake. Kwa mazoea, kigurudumu kikikaa juu, pete nazo hufungwa juu. Hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Jambo hili unaweza kulithibitisha nyumbani pamoja na watoto. Tafuta kijiti chembamba kinachopindika, chenye urefu wa meta moja hivi. Kifunge vitanzi vinne au vitano vya waya, vyote vikisimama upande mmoja, na kimoja kikiwa nchani. Pitisha uzi ndani ya vitanzi hivyo, ufunge mwanzo wake kwenye shina la kijiti, kisha ukishike kijiti kwa wepesi huku vitanzi vikitazama juu. Sasa mwambie mtoto auvute uzi kuelekea chini. Kijiti kitapindika, na papo hapo kitaanza kujiviringisha mkononi mwako, wala hakitatulia mpaka vitanzi viwe vimeshuka chini. Ukitaka kukizuia huna budi kukibana kwa nguvu.

Sababu yake si ngumu. Uzi unaovutwa hutafuta njia fupi kati ya mkono na mzigo, na njia hiyo imo upande wa ndani wa upinde. Pete zilizosimama juu zinakuwa kama vipini vya wenzo vinavyousokota ufito, na kadiri pete inavyokuwa ndefu ndivyo msokoto unavyozidi. Katika uvuvi, kifundo cha mkono ndicho kinachobeba adha hiyo. Samaki mdogo hataidhihirisha. Lakini jodari anapochimba kwenda chini kwa nusu saa nzima, mtu hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kumvuta samaki na kuuzuia ufito usigeuke. Kwa kijana mwenye misuli hiyo ni karaha tu. Kwa mzee ambaye viungo vyake vimeanza kuuma, au kwa mtoto anayejifunza, yaweza kuwa ndiyo sababu ya kuuweka ufito ukutani na kutokwenda tena baharini na wenzake.

DAWA YAKE

Mafundi waliokubali kufuata mkondo walifanya jambo jepesi. Pete ya kwanza, iliyo karibu na kigurudumu, waliiacha juu. Ya pili waliishusha ubavuni kidogo, ya tatu wakaishusha zaidi, na ya nne wakaiweka chini kabisa. Kwa hesabu ya nyuzi za duara, pete hizo huweza kukaa kwenye 0, 60, 120 na 180. Kuanzia hapo pete zote hadi ile ya nchani hukaa chini. Mafundi wengine hupunguza hatua: pete ya kwanza juu, kipete kimoja kidogo ubavuni kwenye nyuzi 90 cha kuukinga mshipi usiguse ufito, na zilizobaki zote chini.

Matokeo yake ni kwamba kigurudumu kinabaki juu, mahali mkono ulipokizoea, ilhali mzigo unavuta kutoka chini. Ufito hutulia wenyewe. Tena kuna faida ya pili. Pete zinapokuwa juu, zinahitajika nyingi na kwa karibu karibu ili mshipi usilalie ufito unapopindika. Zikiwa chini, mshipi huondoka kwenye ufito badala ya kuulalia, na mara nyingi fundi huweza kupunguza pete. Pete chache maana yake ni ncha nyepesi.

Hata hivyo haifai kuusifu mtindo huu kupita kiasi. Hauongezi nguvu ya ufito, wala mtu asitazamie kwamba kwa sababu yake atatupa chambo mbali zaidi. Pete zikipangwa ovyo, mshipi utakata kona kali, utajikwaruza, na pengine utakunjika upande mmoja wa ngoma. Sura yake pia huwashangaza watu, na asiyeujua mtindo huu hudhani fundi alikuwa amesinzia. Na kwa mtu avuaye samaki wadogo tu, faida yake ni ndogo mno kustahili taabu hiyo.

KAZI YA MEZANI

Vifaa si vingi: ufito, pete, uzi imara wa nailoni, utepe wa kunata, na gundi ya epoksi ya kuchanganya chupa mbili. Pete za siku hizi huwa na fremu ya chuma kisichoshika kutu na duara la kauri ndani, ili mshipi usichimbe mfereji. Mwenye ufito wa zamani anaweza kuutumia huo huo. Aukate uzi wa zamani kwa wembe juu ya mguu wa pete, kamwe si juu ya ufito wenyewe, kwa kuwa mkwaruzo mdogo tu kwenye kaboni huweza kuwa mwanzo wa kuvunjika.

Kwanza pete hushikizwa kwa utepe tu, zikikaribiana zaidi kuelekea nchani. Kisha mshipi hupitishwa, hufungwa kwenye mzigo wa kiasi, na ufito huinuliwa mpaka upindike. Hapo fundi hutazama kwa makini. Je, mshipi unafuata upinde wa ufito bila kona? Je, mahali fulani unagusa? Pete husogezwa kidogo kidogo mpaka mshipi ukae kwa utulivu. Wapo walioamini zamani kwamba kuutafuta upande mgumu wa ufito, na kuziweka pete kwa kuufuata, kungetosha kuuzuia usijiviringishe. Jaribio hili la mzigo huonyesha kwamba mahali pa pete pana nguvu kuliko upande mgumu.

Baada ya kuridhika, kila mguu wa pete hufungwa kwa uzi uliobanana, duara baada ya duara, mwisho wake ukifichwa chini ya uzi wenyewe. Hapa vidole vya watoto hufanya kazi nzuri kuliko vya wazee. Ndipo inapopakwa gundi, madirisha yakiwa wazi na mikono ikiwa na glavu, kwani epoksi huweza kuidhuru ngozi; upakaji huu ni kazi ya mtu mzima. Gundi ikiwa mbichi hutiririka, kwa hiyo ufito hulazwa juu ya vihimili viwili na kuzungushwa polepole mpaka igande. Wengine hutumia mota ndogo. Asiye nayo, wanafamilia na wapokezane zamu, kila dakika chache wakiugeuza, kisha uachwe mpaka ukauke sawasawa.

Siku ya pili, kabla ya kwenda baharini, rudieni jaribio la mzigo. Mpeni mzee wa nyumba aushike ufito kwa wepesi, na mtoto auvute mshipi. Ukigeuka mkononi mwake, rudini mezani. Ukitulia, basi kazi imekwisha, na mzee hana tena kisingizio cha kubaki nyumbani.