Nani Kakanyaga Mifuo?

Usiku, magari yakishaondoka kwenye maegesho ya Hifadhi ya Gatineau, ng'ambo ya mto kutoka Ottawa, mashine za kusawazisha theluji huingia kazini. Zinatembea kwa minyororo mipana, zinasaga theluji ya mchana, zinaishindilia, na nyuma yake zinaacha barabara iliyochanwa vizuri, pembeni ikiwa na mifuo miwili sambamba. Kisha baridi inamalizia kazi. Chembe za theluji zilizovurugwa hushikana upya, na baada ya saa kadhaa ule unga umekuwa kitu kigumu. Anayepita humo mapema ni sawa na aliyekanyaga sakafu ya saruji kabla haijakauka.

Ugomvi wa hifadhini unaanzia hapo. Upande mmoja wapo watelezaji wa ski za nyika, wasiosubiri lifti iwapandishe mlimani bali wanaokwenda masafa marefu kwa nguvu za miguu na mikono yao wenyewe. Upande wa pili ni waendao kwa viatu vya theluji, vile vipana vinavyogawa uzito wa mtu ili asididimie. Wote wamelipia kibali, wote wameegesha mahali pamoja, na wote wanadhani njia ni yao.

Kwa mtazamaji wa mbali, huu ni utovu wa adabu tu. Ukiinama kuitazama njia yenyewe, mambo hubadilika. Ski ya nyika ina upana wa kama sentimita tano, kisigino cha mvaaji hakifungwi, na aina nyingi hazina kingo za chuma za kukatia barafu. Kwenye mteremko, mtelezaji anajikabidhi kwa ile mifuo; ndiyo inayomwelekeza. Sasa mtu wa viatu vya theluji, ambavyo chini vina meno ya chuma, akiwa amepita humo jioni, nyayo zake huganda usiku na kuwa mashimo. Asubuhi ncha ya ski ikiingia shimoni, mtelezaji hana breki. Kinyume chake, ski ikipita kwenye ujia wa viatu vya theluji haiachi madhara ya maana. Uharibifu unakwenda upande mmoja, na ndiyo sababu karibu kila kanuni ya njia hizi inaonekana kumpendelea mtelezaji.

Watu wa viatu vya theluji hawakosi la kujibu. Wao ndio waliotangulia. Kabla ya Wazungu kufika, wenyeji wa asili wa Kanada, Waalgonquin na Wakrii miongoni mwao, walikunja miti kuwa fremu, wakaifuma kwa kamba za ngozi mbichi, na kwa viatu hivyo wakawinda na kusafiri majira yote ya baridi. Katika miaka ya 1840 waungwana wa Montreal walikuwa tayari na klabu yao ya viatu vya theluji, na baadaye wakawa wanapanda Mlima Royal usiku kwa mienge, wamevaa makoti ya blanketi na kofia za buluu. Ski zilikuja baadaye, kwa sehemu kubwa na Wanorwe. Mmoja wao, Herman Smith-Johannsen, alifungua njia nyingi za ski katika milima ya Laurentides, na alifariki mwaka 1987 akiwa na umri wa miaka 111.

Msomaji wa Kenya ana mtelezaji wake pia. Philip Boit, mkimbiaji kutoka Bonde la Ufa, alipelekwa Finland kujifunza ski, na mwaka 1998 alishiriki Olimpiki ya Nagano katika kilomita 10 za mtindo wa kale, mtindo unaotegemea ile mifuo. Alimaliza wa mwisho, dakika 20 nyuma ya bingwa Bjørn Dæhlie, ambaye alimsubiri mwishoni akamkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Katika miji ya Ottawa na Gatineau wanaishi Warundi, Wakongo na Wanyarwanda si haba, na kwa mgeni wa theluji vile viatu vipana ndivyo rahisi kuanza navyo: anayejua kutembea ameshajua. Lakini mgeni huyo anakuta kichaka chenye theluji ya kufika magotini, na kando yake njia pana iliyoshindiliwa. Atapita wapi? Kumkaripia akiwa katikati ya kilima ni kuchelewa. Bango kubwa pale kwenye maegesho, lenye picha ya nyayo kando ya mifuo, lingefanya kazi zaidi ya makelele yote ya watelezaji.

Hifadhi ya Gatineau imechagua kutenganisha: karibu kilomita 200 za njia za ski, na njia nyingine nyembamba zaidi, zenye kupinda msituni, za viatu vya theluji. Mjini Ottawa, njia ya Kichi Sibi kando ya mto imeamua vingine. Pale nafasi ni pana, kwa hiyo mifuo ina upande wake na watembeaji wana wao. Norway haina hiari hiyo. Sheria ya mwaka 1957 inampa kila mtu haki ya kupita porini, kwa hiyo katika misitu ya Oslo mwenye miguu huombwa tu akae pembeni.

Theluji yenyewe inazidi kuwa ya kubahatisha. Msimu wa 2022–23 uwanja wa kuteleza kwenye barafu wa Mfereji wa Rideau, mjini Ottawa, haukufunguliwa hata siku moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla. Theluji ikiwa haba, mtu huona viatu vipana havina kazi, anavivua, anatembea kwa buti, na buti huchimba vibaya zaidi.

Sasa amekuja wa tatu: baiskeli za matairi manene yenye upepo kidogo. Hifadhi imezitengea njia. Zikipita mahali palipolainika huacha mtaro katikati ya ujia, na anayelalamika safari hii ni mtu wa viatu vya theluji.