Mgonjwa Anapouliza: "Naishi kwa Ajili ya Nini?"



Mwezi huu hatuandiki juu ya malaria wala kuhara. Tunaandika juu ya swali ambalo sisi wauguzi huulizwa, hasa usiku wadi ikiwa kimya: "Sista, mimi bado naishi kwa ajili ya nini?"

Si swali la wajinga. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano uliliweka mwanzoni kabisa mwa tamko lake la mwaka 1965 juu ya dini zisizo za Kikristo: maisha yana maana gani, na mateso yanatoka wapi.

Hapa Kanyenye majibu ni mengi, kwani Tabora ilikua kwenye njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na misafara iliacha watu wa kila namna. Mkatoliki husema uhai ni zawadi, na mateso yake huyaunganisha na Msalaba. Mwislamu wa kitanda cha pili husema uhai ni amana ya Mwenyezi Mungu. Bibi kutoka kijijini hukuambia kwamba hatakwisha maadamu mjukuu anabeba jina lake.

Wako pia wasiosadiki lolote. Tulimwuguza mzee mmoja, mstaafu wa reli, kansa ikiwa imeingia mifupani. Alisema wazi kwamba mtu akifa amekwisha. Watoto wake walifadhaika, na mmoja akamwita padre aje ambatize akiwa hoi. Padre alikataa, maana mtu mzima habatizwi bila hiari yake. Alivuta kiti, wakazungumza habari za injini za moshi.

Mzee huyo aligeukia ukutani, hali chakula. Watu walinong'ona kuwa ni ukaidi wa asiye na Mungu. Kumbe ni maumivu! Alipopewa morfini ya maji kila baada ya saa nne, ulimi ulifunguka. Kilichomkera ni ada ya shule ya binti yake wa mwisho. Wanawe wakaahidi mbele yake kuilipa, na kesho yake akaomba uji. Alifariki baada ya majuma matatu. Juu ya Mungu hakubadili neno, nasi hatutamsingizia.

Viktor Frankl, daktari Myahudi wa Vienna aliyeokoka katika kambi za Wanazi, aliandika mwaka 1946 kwamba mtu huona maana katika kazi anayoifanya, katika wale anaowapenda, na katika namna anavyoyapokea mateso yasiyoepukika. Angalieni neno hilo: yasiyoepukika. Maumivu yanayoweza kutulizwa yatulizwe kwanza.

Kwa hiyo, ndugu, msiikimbie morfini mkidhani ni dawa ya kuua. Msimzibe mgonjwa mdomo kwa kusema, "Ni mapenzi ya Mungu." Mwulizeni ni nini kinachomkera, kisha nyamazeni mumsikilize. Akikosa usingizi na hamu ya chakula kwa majuma mawili, au akisema anatamani kufa, mleteni hospitali upesi. Huenda ni sonona, nao ni ugonjwa wenye tiba.

Anayetaka Mpako wa Wagonjwa aitiwe padre mapema, akiwa bado na fahamu zake. Mwislamu aitiwe shehe. Asiyetaka yeyote kati yao, kaeni naye kwa zamu, hasa usiku.